Gesi ya AC haiishi, Mwalimu: inavuja

Swali: "Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Shangani hapa Mtwara, nyumba yangu haiko mbali na bahari. Kiyoyozi cha chumbani kwangu, cha nguvu ya kupoza ya BTU 12,000, kilifungwa 2014 na mpangaji niliyekuwa naye enzi zile za wageni wa gesi. Ndani ya mwaka mmoja uliopita nimejaziwa gesi mara tatu. Ikijazwa inapoza vizuri wiki nne au tano, halafu inarudi kupuliza upepo mtupu, na mara nyingine inadondosha maji ukutani. Fundi wa mwisho amesema kompresa imekufa, nibadilishe. Mwanangu aliyeko Dar anasema niachane nayo, ninunue AC mpya ya inveta. Mashine ya nje iko baraza ya nyuma, upande wa baharini, juu ya mahali ninapowekea salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Vile vibati vyake ukivigusa vinamomonyoka kama biskuti. Chumba ni mita nne kwa tatu na nusu, kina dari. Nitengeneze au ninunue? Na hiyo inveta itauweza umeme wetu?"

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeona umejijibu mwenyewe bila kukusudia. Jibu limo kwenye neno biskuti. Lakini kabla sijafika huko kuna neno lingine linalotuponza sisi watu wa kusini kuliko watu wa mkoa wowote, nalo ni hilo gesi.

Gesi tunayoijua sisi ni ya Mnazi Bay na Songo Songo. Inachimbwa, inasafirishwa kwa bomba, inachomwa, basi imekwenda. Ya mtungi wa jikoni ni hivyo hivyo, ikiisha unabadilisha mtungi. Kwa hiyo fundi akisimama uani akasema "mama, gesi imeisha", hakuna anayeshtuka. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Ni kama ndoo ya kisimani: inateremka tupu, inapanda na maji, inamwaga, inateremka tena. Kompresa inaikandamiza mpaka inapata moto, inaisukuma kwenye koili ya nje, lile bomba lililokunjwakunjwa, ambako feni inaupuliza ule moto uende zake, hapo gesi inakuwa kimiminika. Inapita kwenye kijibomba chembamba, mgandamizo unashuka ghafla, ikifika koili ya ndani inachemka kwa ubaridi na kuchota joto la chumba chako, kisha inarudi nje kulimwaga. Kazi ni hiyo hiyo mwaka hadi mwaka, kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kiyoyozi kizima kinaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuongezewa hata gramu moja. Ndoo haipungui kwa kuchota. Ukiona imepungua, imetoboka.

Umejaziwa mara tatu kwa mwaka, maana yake kuna tundu, na mafundi watatu wamekujazia ndoo iliyotoboka. Sisemi wote walikuwa matapeli. Wengine hawana vifaa vya kutafuta tundu, na mteja mwenyewe anataka apoe leo. Ila ukifika mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, swali la kumuuliza fundi ni moja: inavujia wapi? Asipokuwa na jibu asifungue mtungi wake.

Hii kompresa iliyokufa nayo haijanikaa sawa. Umesema mashine ikijazwa inapoza wiki nne au tano. Kompresa iliyokufa haipozi hata dakika tano. Yako inasukuma, inachokosa ni cha kusukuma. Fundi anayehukumu kompresa anatakiwa awe amepima vitu vitatu mbele yako: ampea inazovuta, kwa klampu mita (mashine ya BTU 12,000 ya kawaida huvuta kama 5), kama nyaya za ndani ya kompresa zimegusana na bodi lake, na kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia kuanza. Kompresa ndiyo inayosingiziwa ugonjwa wa kapasita kila siku. Kapasita ikichoka, kompresa inavuma bila kuanza, swichi inaruka, mtu anaambiwa "imeungua". Kapasita ni kitu cha bei ndogo, inabadilishwa kwa nusu saa. Nimewahi kuitwa nyumba moja Ligula kufunga kompresa mpya iliyokwisha kununuliwa, nikakuta tatizo ni kapasita. Kompresa ile mpya mpaka leo iko stoo ya mwenyewe, imefunikwa na kanga.

Na maji ya ukutani? Mara nyingi ni mpira wa kutolea maji umeziba kwa ute na vumbi, unapulizwa, yamekwisha. Kwako nadhani kuna la ziada. Gesi ikipungua, koili ya ndani inapoa kupita kiasi upande mmoja na kushika barafu. Ukizima, barafu inayeyuka kwa wingi na maji yanapita nje ya sinia lake. Siku ikipuliza upepo mtupu, fungua kifuniko cha mbele utazame. Ukiona weupe kama wa friza, na chujio lako ni safi, basi huo ndio ushahidi.

Sasa tundu liko wapi. Sehemu ni tatu. Ya kwanza ni zile nati za shaba zinazounganisha mabomba, ndani na nje. Hapo panatengenezeka, fundi mzuri anakata, anatanua upya mdomo wa bomba, anakaza. Gesi husafiri na mafuta ya kompresa, kwa hiyo panapovuja pana alama: vumbi limeganda kwa mafuta. Pakaza povu la sabuni ya maji mazito, subiri, utaona mapovu yanakua polepole. Kwa mtu asiye na kifaa cha elektroniki, sabuni bado ni mashine nzuri sana. Ya pili ni koili ya ndani, ambayo tundu lake huwa dogo kama njia ya siafu na gumu kulipata. Ya tatu ni koili ya nje, na hapa ndipo biskuti yako inapoingia.

Ile koili ni bomba la shaba limepitishwa kwenye mamia ya vibati vyembamba vya alumini. Shaba na alumini zikigusana pakavu hazina ugomvi. Walete maji ya chumvi katikati, zinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Upepo wa baharini hauleti ubaridi peke yake, unaleta chumvi. Inatua kwenye koili, usiku inavuta unyevu, asubuhi inakauka, kesho tena. Vibati vikishamomonyoka, joto la bomba halina pa kutokea, kompresa inafanya kazi ngumu zaidi, luku inakimbia. Baadaye chumvi inahamia kwenye shaba yenyewe.

Wewe Mwalimu umeiongezea adui wa pili, salfa. Najua kila mwenye mikorosho anahifadhi mahali pakavu, na baraza ya nyuma ni pakavu. Lakini salfa na shaba hazipatani. Vumbi lake likinyonywa na feni ya mashine likatua kwenye bomba, likapata unyevu, shaba inageuka nyeusi na kuliwa. Ukikuta viungo vya bomba lako vimekuwa vyeusi kama masizi badala ya kijani cha kawaida cha shaba kuukuu, mshukiwa ni huyo. Nimeziona mashine za namna hiyo Tandahimba na Newala, mbali kabisa na bahari, zimeoza kama za Mikindani.

Kwa hiyo: tundu lingekuwa kwenye nati, ningekwambia tengeneza, funga mdomo, endelea. Kwa koili iliyokuwa biskuti, usitengeneze. Ukiziba tundu moja, mwezi ujao linafunguka la jirani yake. Koili mpya peke yake kwa mashine ya 2014 ni kazi kuipata, na hata ukiipata, gesi ya mashine yenyewe imo kwenye foleni ya kuondoka duniani.

Mashine nyingi zilizofungwa Mtwara miaka ile, bomba la gesi lilipokuwa likijengwa kwenda Dar es Salaam na kila mwenye nyumba Shangani akitafuta mpangaji mgeni, zinatumia gesi iitwayo R22. Tazama kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje, utakuta imeandikwa. R22 inatoboa tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea, yetu ikiwemo, zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na ikifika 2030 kinachobaki ni kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine kuukuu. Mtungi utazidi kuwa adimu, na kitu adimu huzaa bandia.

Hapo kwenye bandia nikuombe unisikilize vizuri. Kuna mafundi, R22 ikiwakosa, wanajaza chochote. Wapo wanaoweka R410A, ambayo mgandamizo wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya R22. Mashine yako haikutengenezwa kuubeba. Wapo wanaoweka gesi ya kupikia. Inapoza, sikatai, propani safi ni gesi ya ubaridi inayotumika katika mashine zilizoundwa kwa ajili yake. Lakini kuiweka kwenye mashine ambayo tayari inavuja, ndani ya chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, chenye swichi zinazotoa cheche, ni kulala na mtungi uliofunguliwa. Fundi akija na mtungi usio na maandishi, mrudishe alikotoka.

Uamuzi wangu basi ni kununua mpya, mwanao yuko sahihi. Ila ukinunua leo ukaifunga palepale, baada ya miaka mitano utaniandikia barua hii hii. Mahali kwanza, mashine baadaye.

Zunguka nyumba yako. Tafuta ukuta ambao haupokei upepo wa bahari moja kwa moja. Huku kwetu kusi ndiyo inayovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, kaskazi inatawala miezi ya joto, kwa hiyo usiangalie siku moja ukasema hapa hapana upepo; wewe umeishi hapo miaka, unajua upande gani nguo za kamba zinachelewa kukauka na madirisha yanashika ukungu wa chumvi. Kama pande zote zinapigwa, ukuta mfupi wa tofali au uzio wa mimea mbele ya mashine unasaidia kuuvunja upepo, mradi usiibane. Nyuma ya mashine iachie kama sentimita 15, mbele inakotoa hewa ya moto isipungue sentimita 60, mita moja ni bora. Kivuli ni kizuri, hata kibanda cha makuti kinafaa, lakini pembeni pawe wazi. Najua unaogopa wezi wa shaba. Weka kizimba cha nondo zenye nafasi pana, usiweke wavu wa matundu madogo wala bati. Nimeshakuta mashine imefungiwa kama mfungwa, inapumua hewa yake yenyewe ya moto, mwenyewe analalamika haipozi. Stendi za chuma cha kawaida zinaliwa na kutu mpaka mashine inaanguka, hivyo kama ni chini, mimina zege la kimo cha sentimita 15 uiweke juu yake.

Ukubwa. Chumba chako ni mita za mraba 14. Hesabu ya haraka tunayotumia ni kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba, inakuja 8,400. Kina dari, kwa hiyo 9,000 inatosha. Ningekubali 12,000 kama ukuta wa magharibi unachomwa na jua la jioni au mnalala watu wengi. Wauzaji watakusukuma kwenye 18,000, "ipoze haraka". Kataa. Mtwara tunateswa na unyevu kama tunavyoteswa na joto. Mashine kubwa inapoza dakika kumi inazima, haipati muda wa kukausha hewa, unabaki na baridi ya jasho, shuka zinanata. Ndogo inayofanya kazi taratibu inakausha. Ndiyo maana usishangae ikitoa nusu ndoo ya maji kwa usiku mmoja. Mwagilia mchicha kwa maji hayo, ila usiyanywe.

Inveta au ya kawaida? Ya kawaida inajua mambo mawili, kuwaka yote au kuzima. Inveta inapunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa. Tufanye hesabu ya luku. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 inakula kama kilowati 1.1, ukilala nayo kwa muda wa saa nane, na kompresa ikapumzika mara kwa mara, ni kama uniti 6. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, ni shilingi 2,100 na ushee kwa usiku, kwa mwezi 64,000. Ile yako ya sasa yenye gesi pungufu haipumziki kabisa, inakwenda usiku kucha na inakula zaidi ya hapo bila kukupoza. Inveta nzuri kwenye chumba kilichozibwa vizuri inaweza kushuka mpaka uniti 3 au 4. Kwa mtu anayelala nayo kila usiku kama wewe, tofauti hiyo inailipa bei yake. Kwa mtu anayewasha saa moja mbili wageni wakija, ningemwambia anunue ya kawaida. Na kama nyumba yako bado iko kwenye ule mpango wa matumizi madogo, wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jua kuwa kiyoyozi cha kila usiku kitakutoa humo, kiwe cha aina gani.

Kuhusu umeme wetu, hofu yako ina msingi, lakini adui si kukatika. Adui ni kurudi kwake. Unarudi juu, unashuka, unaruka tena, na kompresa inalazimishwa kuanza wakati mgandamizo ndani haujasawazika. Funga kifaa cha kulinda umeme kinachokata ukizidi au ukipungua, na kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuuachia. Hicho kinatosha nyumba nyingi za mjini. Stebilaiza kubwa ni ya wale walio mwisho wa laini. Mwambie fundi umeme apime volti kwenye soketi yako kati ya saa moja na saa nne usiku, kila mtu akiwa amewasha. Zikiwa karibu na 230, hata 200, huna haja ya stebilaiza. Zikishuka chini ya 180, peleka malalamiko TANESCO kabla ya kununua chochote. Mashine iwe na waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bodi kuu ya umeme, swichi yake ya kujitegemea, na eathi ya kweli, siyo ule waya wa kijani uliokunjwa ukafichwa nyuma ya soketi.

Udhaifu wa inveta ni ile bodi ya elektroniki iliyomo kwenye mashine ya nje. Chumvi haiipendi, na mijusi inaipenda mno kwa ajili ya uvuguvugu wake. Mjusi mmoja akilala mahali pabaya, bodi imekwenda, na bodi ni ghali. Kabla ya kununua muulize muuzaji kama bodi imepakwa kinga ya unyevu na kama anaweza kukuletea nyingine ikiharibika. Akibabaika, nenda duka la pili. Uliza pia koili: iwe ya shaba, na vibati vyake vimepakwa kinga, ile rangi ya buluu au ya dhahabu unayoiona kwa nje. Rangi hiyo haizuii chumvi milele, inaichelewesha. Gesi chagua R32. R410A bado ziko madukani na si mbaya kwa kazi, lakini nayo imo kwenye orodha ya kupunguzwa chini ya nyongeza ya Kigali ya 2016, kwa sababu inapasha joto dunia karibu mara tatu ya R32. R32 inaweza kushika moto, kwa shida, hivyo si ya kuchezewa na mtu anayechomelea huku bomba lina gesi.

Mwanao akiamua kukutumia mashine kutoka Dar, mwambie ihakikishwe inasafiri imesimama. Huwa naziona zinashushwa stendi zimelazwa juu ya basi kama godoro. Mafuta ya kompresa yanatoka mahali pake. Ikikufikia hivyo, isimamishe siku nzima bila kuwashwa.

Kufunga ndiko kunakoamua maisha ya mashine, na hapa nitakuwa mkorofi kidogo. Mabomba ya zamani yasitumike. Mashine ya R22 ya ukubwa wako ilikuwa na bomba la inchi 1/4 na la inchi 1/2; mpya za BTU 9,000 au 12,000 nyingi zinataka 1/4 na 3/8, na mafuta ya zamani yaliyobaki ndani hayaelewani na mafuta mapya. Bomba jipya, gamba lake la sponji jipya, na lifungwe mkanda wa kuzuia jua.

Halafu kuna pampu ya kunyonya hewa. Mafundi wengi mjini hawana, au wanayo imekaa nyumbani. Wanachofanya ni kufungulia gesi kidogo ipulize hewa itoke upande wa pili, wanakaza, wanasema tayari. Hewa ya Mtwara ina maji, Mwalimu. Mafuta ya mashine mpya yananyonya maji kama chumvi ya mezani wakati wa masika, na maji yakikaa humo yanazaa asidi inayoila kompresa kutoka ndani. Utaona inafanya kazi, utamlipa, utamshukuru. Miaka miwili baadaye inakufa na hakuna atakayejua kwa nini. Pampu iungurume si chini ya nusu saa, kisha izimwe na geji iachwe dakika kumi. Mshale ukipanda, kuna uvujaji, atafute. Ikiwezekana aanze na naitrojeni kupima mabomba. Asithubutu kutumia oksijeni ya wachomeleaji: oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na watu wamekufa kwa hilo. Muulize kabla ya kukubaliana bei: pampu unayo? Akikujibu "hii haihitaji", muage kwa heshima, mpe na maji ya kunywa.

Ile mashine kuukuu isifunguliwe bomba ikafuka hewani. Gesi iliyobaki ivutwe iingie kwenye mtungi, kuna mwenye mashine ya R22 iliyo nzima, ya kukaza nati iliyolegea tu, itamfaa. Mabaki yake shaba na alumini wanunuzi wa chuma chakavu watakufuata wenyewe, hawahitaji kualikwa.

Baada ya hapo kazi ni yako, na si kubwa. Chujio la ndani lioshe kila wiki mbili kwa maji ya kawaida, likauke kivulini. Mashine ya nje, mara moja kwa mwezi, zima swichi yake kwenye bodi kuu ya umeme, uimwagie maji kwa mpira kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, chumvi itoke; wakati wa kusi fanya mara mbili. Usitumie mashine ya kuoshea magari, inalaza vibati. Na usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, kuoshea navyo ni kumwogesha mtu kwa tope. Maji ya bomba, au ya mvua ukiwa na simtanki. Fundi aje kwa sevisi kamili mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba. Oktoba mwite mapema, kwa sababu minada ya korosho ikianza watu wanapata fedha, kila mtu anakumbuka kiyoyozi siku moja, na mafundi tunakuwa hatushikiki.

Usiku weka nyuzi 25 au 26, na pangaboi lizunguke taratibu. Upepo wa pangaboi unaufanya mwili uone kama umeshusha nyuzi mbili, kwa umeme mdogo sana. Ukiweka 18 chumba hakipoi haraka zaidi, mashine inakosa tu mahali pa kusimama. Na mwambie mjukuu anayeshika rimoti asibonyeze alama ya jua. Mashine nyingi za sasa zinaweza kugeuza mzunguko na kuleta joto chumbani, jambo jema kwa ndugu zetu wa Makete na Njombe. Nilishaamshwa saa tano usiku na mzee wa Chikongola akisema kiyoyozi chake kipya kimepata wazimu, kinamchoma. Kilikuwa kwenye jua.

Ukipata fundi, nitumie picha ya ukuta mliouchagua kabla hajatoboa. Na siku hiyo salfa iwe imeshahama barazani, ipelekwe shamba au kwenye kibanda chake peke yake, mbali na dirisha unalolala.